Geji mpya kwenye boti kuukuu ya dizeli: kazi ya karakana moja ya Malindi

Karakana ndogo ya umeme wa boti iliyo karibu na gati la Malindi imetubadilishia geji zote za usukani wa ndani kwenye boti ya starehe ambayo mimi ni nahodha wake, boti ya zamani yenye injini mbili za dizeli aina ya Perkins 6.354, zile za silinda sita. Ninaisifu kazi hiyo kwa sababu moja kubwa: fundi hakukubali kufunga geji hata moja kabla ya kujua inapata wapi habari zake.

Wengi wetu tukisema geji tunafikiria ile sura ya duara yenye mshale, na mshale ukianza kudanganya tunakimbilia dukani kununua sura nyingine. Lakini geji ya umeme ya presha au ya joto haifanyi zaidi ya kusoma ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme, kinachopimwa kwa omu) wa sensa, yaani kihisi kilichofungwa kwenye injini, na sensa hazifanani. Kwa presha ya oili, geji za mtindo wa Ulaya, kama za kampuni ya VDO, hutarajia sensa inayoanzia omu 10 hivi presha ikiwa sufuri na kupanda hadi omu 180 hivi, ilhali zile za mtindo wa Marekani huanzia omu 240 na kushuka hadi 33. Boti yetu ilikuwa imechanganyiwa zamani, sensa za Ulaya na geji za Marekani, ndiyo maana ufunguo ulipowashwa mshale wa presha uliruka hadi mwisho wa juu injini ikiwa bado kimya, kisha ukashuka injini ilipoanza kunguruma. Mabaharia waliotangulia walikwisha kuizoea hali hiyo, nami naona mazoea ya namna hiyo ni hatari kuliko kukosa geji kabisa. Fundi alipoipima sensa kwa multimita, kile kipima umeme cha mkononi, aliniambia, “Nahodha, nikikufungia sura mpya peke yake nitakuwa nimekuuzia pambo.”

Jaribio la joto lilistahili kutazamwa kwa makini. Juu ya meza ya karakana aliunganisha betri, geji mpya na sensa tuliyoitoa kwenye injini, akapitisha waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, hadi kwenye mwili wa sensa, kisha akaitumbukiza ncha yake katika sufuria ya maji yanayotokota. Hapa tuko usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanayochemka ni nyuzi 100 za Selsiasi, na kipimo hicho hakihitaji chombo cha gharama. Sensa ya injini ya kulia iliufikisha mshale pale pale panapotakiwa. Ya injini ya kushoto iliuacha ukitetemeka chini ya 90, na hata alipoikoroga ndani ya maji haukupanda. Akaifuta, akaiweka kando, akachukua mpya na kuijaribu vivyo hivyo.

Kwetu Malindi tofauti hiyo si jambo dogo. Mvua ikinyesha bara, Mto Sabaki huleta tope jingi hadi maji ya ghuba yanageuka rangi ya udongo, na tope hilo huingia katika chujio la maji ya bahari na katika mirija inayopoza injini. Joto hupanda taratibu, na nahodha anayepita karibu na miamba wakati wa kusi hawezi kuuacha usukani akashuke chumba cha injini. Anachobaki nacho ni ule mshale.

Presha ya oili aliihakikisha kwa kufunga kwa muda geji ya kimakanika, isiyotumia umeme, kwenye tundu la bloki ya injini na kulinganisha. Alipofunga sensa hakuzungushia nyuzi zake ule utepe mweupe wa mafundi bomba, kwa kuwa sensa zetu hupata ethi kupitia bloki yenyewe na utepe unaweza kuikata. Mizunguko ya injini husomwa kutoka kwenye alteneta, mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na injini, na kwa kuwa puli za alteneta hutofautiana, alibandika karatasi inayong’aa kwenye puli ya krenkshafti, mhimili mkuu wa injini, akaimulika kwa kipima mizunguko cha mwanga, kisha akarekebisha geji hadi zikaafikiana. Sasa injini mbili zikiandika mizunguko sawa, boti haitikisiki.

Upande wa pili, nyuma ya dashibodi kazi haikunipendeza. Waya mpya ni za shaba iliyopakwa bati, jambo jema kwa hewa yetu ya chumvi, lakini hazikuwekewa alama, na maungio mawili yalisokotwa na kufungwa solotepu nyeusi badala ya kubanwa kwa koleo ndani ya vishikizo. Nilipolalamika walirudi kuyafanya upya bila malipo. Mchoro wa waya nimeudai, bado sijaupata. Vifaa pia vilichelewa kufika kutoka Mombasa, na kwa boti inayotegemea wageni wa kuvua sulisuli, kila siku ya kukaa nangani ina hasara yake. Ninayemshauri aende pale aagize sensa na geji kwa pamoja kabla boti haijasimamishwa, na akubaliane nao kwa maandishi kuhusu alama na mchoro.

Geji za usukani wa juu tumeziacha zikiwa zimekatwa. Sensa ya kawaida imetengenezwa kulisha geji moja. Ukiiunganisha na geji mbili, zote mbili husoma visivyo. Karakana imekubali kutuagizia sensa za vituo viwili, zilizotengenezwa kulisha geji mbili, na kazi hiyo wataifanya kabla kaskazi haijaanza kuvuma.