Debian 12 kwenye MacBook Air ya 2013: uzoefu wangu

MacBook Air ya 2013 bado imejaa kwenye maduka ya kompyuta za mitumba, na inastahili kununuliwa. Ni nyepesi na kibodi yake ni nzuri kuliko laptopu nyingi mpya za bei hiyo. Kasoro ni kwamba macOS ya mwisho inayoikubali rasmi ni Big Sur ya 2020, ambayo iliacha kupata masasisho ya usalama 2023. Vivinjari navyo vimeanza kuiacha. Yangu ina RAM ya 4GB iliyochomelewa kwenye ubao mama, haiongezeki, kwa hiyo nikachagua Debian 12, mfumo huria wa Linux, yenye Xfce, mazingira mepesi ya dawati.

Kuwasha kwa flashi yenye kisakinishi cha Debian hakuna shida: unashikilia Option mara tu inapowaka, unachagua EFI Boot. Kazi inaanza pale kisakinishi kinapotafuta mtandao na kukuambia hakijaona kadi yoyote. Mashine haina tundu la waya wa mtandao, na Wi-Fi ni kama haipo.

Hapa wengi hukata tamaa na kuilaumu Debian. Ni kweli kwamba tangu toleo la 12, la Juni 2023, kisakinishi rasmi kinakuja na fimuwea zisizo huria, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vya ndani. Lakini chipu ya mashine hii, Broadcom BCM4360, inadai zaidi ya fimuwea. Inataka draiva nzima (programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa) iitwayo wl, ambayo msimbo wake umefungwa, kwa hiyo haimo kwenye kerneli, yaani kiini, ya Linux. Lazima ijengwe kwenye mashine yako, kulingana na kerneli uliyonayo, na ili uipate unahitaji intaneti ambayo ndiyo kwanza unaitafuta.

Simu ndiyo iliyonitoa. Chomeka simu ya Android kwa waya, washa kusambaza intaneti kwa USB, kisha rudi hatua moja nyuma ili kisakinishi kitafute vifaa upya. Yangu ilitambuliwa kama kadi ya mtandao ya kawaida na usakinishaji ukaenda mpaka mwisho. Kuwa na bando la kutosha, maana Xfce yote inapakuliwa wakati huo huo.

Mfumo ulipowaka, amri ya lspci -nn, inayoorodhesha vifaa vya mashine, ikanionyesha 14e4:43a0, namba ya chipu yenyewe. Nikaongeza contrib na non-free, sehemu za ziada za hazina ya programu za Debian, kwenye /etc/apt/sources.list, nikaendesha apt update, halafu:

apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Hiyo linux-headers-amd64 usiiache hata kidogo. Bila hiyo, siku kerneli ikisasishwa, DKMS (programu inayojenga draiva upya kwa kila kerneli) haitakuwa na cha kujengea draiva, na Wi-Fi itapotea tena. Nilipowasha upya, majina ya mitandao ya majirani yakajipanga kwenye kioo, nami nikafurahi kwelikweli.

Lilibaki la kulala. Nikifunga mfuniko, mashine ilikuwa inaamka yenyewe na kupata moto ndani ya begi. Kinachoiamsha ni kidhibiti cha USB. Andika echo XHC1 > /proc/acpi/wakeup ukiwa root (msimamizi wa mfumo), na uiweke iendeshwe kila mashine inapowaka.

Kamera bado haifanyi kazi. Ipo draiva ya facetimehd iliyotengenezwa na watu wa kujitolea, ila iko nje ya kerneli na nayo hujengwa upya kila kerneli inapobadilika. Mikutano ya video naifanyia kwenye simu. Kama ndiyo kazi yako ya kila siku, tafuta mashine nyingine. Kwa kuandika, mahesabu ya LibreOffice na Firefox yenye kurasa chache, sina ninachokidai zaidi.

Ukienda dukani, kabla hujatoa hela, iwashe huku umeshikilia Option. Ikikuletea alama ya kufuli na kudai nywila, hutaweza kuiwasha kwa flashi mpaka nywila hiyo iondolewe. Mwambie muuzaji aiondoe mbele yako, la sivyo usiinunue.