Kutembezwa kwa miguu Constantine, Algeria: inalipa kabisa

Kwa mnaosoma huku Algeria na bado hamjafika Constantine, nendeni, na mkifika msizunguke wenyewe, tafuteni mtu wa kuwatembeza. Sisi tulimpata kijana wa palepale mjini, bei tukaelewana kabla ya kuanza na mwisho hakudai hata dinari ya ziada.

Kilichonikosha ni alivyoanza. Hakukimbilia mambo ya picha, alitusimamisha ukingoni mwa korongo la mto Rhumel, akasema angalieni chini kwanza, afu ndo akaeleza kwamba mji umekaa juu ya jiwe lililozungukwa na korongo karibu pande zote, ndo maana wafalme wa Numidia (ufalme wa kale wa Waberber huku Afrika Kaskazini) akina Massinissa waliufanya makao makuu, enzi hizo ukiitwa Cirta, na Jugurtha, mmoja wa ukoo huo wa kifalme, alipotaka kumng'oa binamu yake mfalme Adherbal mwaka 112 KK ilibidi auzingire tu mpaka waliomo wasalimu amri. Akawaua na Waitalia waliokuwemo, Roma ikaingia vitani. Jina la sasa ni la kaisari Constantine aliyeujenga upya karne ya 4 baada ya kuharibiwa vitani.

Afu madaraja sasa! Pale El Kantara tulikaa sana na sijutii, maana Warumi walikuwa na daraja hapo, Salah Bey, mtawala wa mji enzi za Waturuki, akalijenga upya mwishoni mwa karne ya 18, likabomoka 1857, hili la sasa ni la 1863. Wafaransa walijaribu kuingilia hapo 1836 wakachapwa na watu wa Ahmed Bey aliyekuwa akiutawala mji, mwaka uliofuata wakaja upande wa kilima cha Koudiat Aty ambako hakuna korongo, wakabomoa ukuta kwa mizinga ndo wakaingia. Yaani ukiwa umesimama pale unaelewa vita yote bila kitabu.

Daraja la Sidi M'Cid linaning'inia kwa nyaya mita 175 juu ya korongo, lipo tangu 1912, mwaka mmoja na Sidi Rached lile la mawe lenye matao 27. Kama unaogopa urefu shika chuma uende taratibu ila usiache kuvuka.

Nyota nne lakini, sio tano. Makumbusho ya Cirta alitupitisha mbiombio na mule ndo kuna mawe ya nadhiri, yaani yaliyochongwa watu wakitimiza ahadi kwa miungu, yaliyochimbuliwa mahali pa ibada pa kale paitwapo El Hofra, ya enzi hizohizo za Wanumidia alizotusimulia asubuhi, yalistahili lisaa zima. Mwambieni mapema muanzie huko, na vaeni raba, ngazi ni nyingi.