Bima ndogo ya gari Unguja na Pemba: inalipa nani, inakwama wapi

Kwa bei yake, bima ndogo ni bidhaa ya maana, tatizo inauzwa kwa maneno machache mno. Mteja hupewa stika akaondoka akijua "nishakata bima". Alichonunua ni kinga ya kulipa watu wengine atakaowaumiza au kuwaharibia mali, basi. Dereva akivunjika mguu kwa kosa lake mwenyewe, hamo. Gari yake ikipondeka, haimo; hiyo ni kazi ya bima kubwa.

Penye mtego zaidi ni matumizi. Gari imekatiwa ya binafsi, lakini kila asubuhi inapeleka wageni Nungwi kwa malipo. Siku ya ajali kampuni hupata mwanya wa kukataa, au kulipa kisha kumgeukia mwenye gari. Nyongeza ya kukata ya biashara ni ndogo mbele ya fidia ya ulemavu.

Aliyegongwa naye asidhani stika inalipa yenyewe. Lazima ithibitike kuwa dereva alifanya uzembe. Ndiyo maana faili la madai linataka PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, taarifa ya polisi, na hukumu ya trafiki kama dereva alishtakiwa. Matumizi ya fedha huthibitishwa moja moja: dawa, magongo, nauli ya boti kutoka Pemba kufuata matibabu. Bila risiti, hiyo hesabu huanguka kwanza. Maumivu na ulemavu hukadiriwa, na hapo ripoti ya daktari ndiyo nguzo. Ya siku ya kwanza husema tu mfupa umevunjika. Inayotakiwa ni ile ya baada ya jeraha kutulia, yenye asilimia ya ulemavu wa kudumu. Kampuni lakini ijulishwe mapema, usingoje ripoti hiyo.

Kwa kifo, kampuni hutaka kujua inamlipa nani: cheti cha kifo, barua ya Sheha, na msimamizi wa mirathi. Kwa Waislamu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndipo pa kuanzia. Hapa ndipo mafaili mengi hulala, khasa warithi wakiwa hawaelewani.

Ila kinachoua madai kuliko vyote ni saini. Dereva analipa hospitali, wazee wanasema yaishe, mgonjwa anaandika polisi kuwa hana madai. Karatasi hiyo itarudi mezani. Hati ya malipo ya mwisho ya kampuni vilevile: ukishasaini, operesheni ya pili ni juu yako. Isomwe na wakili kwanza, hata kama pesa inahitajika leo.

Upande mzuri upo. Stika hukaguliwa kwenye TIRA MIS, tovuti ya mamlaka inayosimamia bima (TIRA), kwa namba ya gari, hivyo bandia hujulikana hapo hapo. Kampuni ikizungusha, iandikie malalamiko ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka TIRA, ambayo ina ofisi Zanzibar, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye hatozi ada.