Karaoke ya Ijumaa pale baharini: niliandika wa tatu, nikaimba wa mwisho

Kwanza niseme sina ugomvi na jiko lao. Pweza mlaini, ukwaju wa kuchovea umekolea pilipili, na upepo wa baharini hapa Tanga haujawahi kumuangusha mtu. Jina la mahali silitaji, mji wenyewe mdogo huu na mimi bado nataka wateja. Aliyewahi kwenda karaoke pale siku ya Ijumaa atapajua tu.

Ugomvi wangu ni zamu.

Tulifika mapema mimi na shoga yangu, maikrofoni zenyewe zilikuwa bado ziko kwenye mfuko. Utaratibu wao, unaandika jina lako na wimbo kwenye kikaratasi, unampa MC, anakitia kwenye jagi. Jagi la plastiki la bluu, haya haya ya juisi. Mbele yangu waliandika watu wawili. Mimi ni fundi cherehani, kuhesabu kwangu ni ugonjwa, kwa hiyo nilijua: mimi wa tatu, shoga wa nne. Nikaagiza juisi yangu, nikaanza kulainisha koo polepole.

Akaitwa wa kwanza. Kijana ambaye hata kofia ya pikipiki alikuwa hajaiweka chini. Nikasema haya, labda ana safari. Wa pili, binti aliyeingia nyuma ya huyo kijana. Wa tatu, ambaye kwa hesabu zangu ndiye mimi, alikuwa babu mmoja wa shati la maua kutoka meza iliyo karibu na spika. Wimbo mmoja dakika nne, maneno ya MC dakika mbili, yaani saa nzima watu kumi. Saa ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Sisi Tanga tunasifika kwa waja leo waondoka leo. Pale ikawa waja sasa hivi, waimba sasa hivi, na waliokuja jioni wakae wapige makofi.

Babu wa shati la maua aliimba mara tatu. Mara ya kwanza kwa jina lake. Ya pili wakaitwa wawili, yeye na mwenzie, na huyo mwenzie maikrofoni aliishika tu kama aliyeshikishwa mtoto wa watu. Ya tatu eti anamsindikiza mkwewe. Meza yao walikuwa wanane na bia zilikuwa zinakwenda kwa kreti, na nilimuona kwa macho yangu haya akimpa MC mkono wenye noti ndani. Nikaishika hiyo.

Shoga yangu ana nadharia yake, kwamba zamu ziende kwa meza: meza hii ikitoa mtu mmoja, meza ile itoe mmoja, ndipo wanane wasitumeze sisi wawili. Mimi sikubali. Wale wanane wamekuja na midomo minane, mmoja wao akiwa na aibu na amesubiri wiki nzima, kosa lake nini kukaa na ndugu zake? Zamu ni ya kichwa. Mtu asiimbe mara ya pili kama kuna ambaye hajaimba hata mara moja, na aliyechelewa akae mkiani. Hili si jambo la kuitishia kikao. Nimekulia Ngamiani, bombani kwetu ulikuwa unaweka ndoo kwenye foleni unakwenda zako nyumbani kumenya mihogo, ukirudi ndoo imesogezwa na zamu yako ipo. Ndoo! Haina mdomo, na iliheshimiwa.

Nikainuka. Nikamwendea MC kwa adabu kabisa.

"Samahani mdogo wangu, mimi niliandika wa tatu."

Hata uso hakuinua kwenye kompyuta yake. "Anti, tulia. Hapa si benki."

"Sawa si benki, lakini nimekaa tangu magharibi."

"Halafu anti, nyimbo zenyewe za kizamani hizo, zinapoza watu."

Zinapoza watu! Kwenye mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, mtoto wa juzi ananiambia nyimbo za kizamani zinapoza watu. Nilihisi masikio yananiwaka. Nyota zote tano nilizifuta hapo hapo kichwani, hadi ya pweza.

Mpwa wangu, ambaye kila kitu anakijua isipokuwa kuamka mapema, aliwahi kunisimulia kwamba mashine hizi alianza kuzikodisha mpiga muziki mmoja wa Kobe, Japani, Daisuke Inoue, mwaka 1971, na zilikuwa zinakula sarafu: unatumbukiza, unaimba. Na kwamba siku hizi Wajapani wanakodi kachumba kao wenyewe, wanaimbiana ndugu kwa ndugu. Nilipomsikia nilicheka, nikasema uchoyo ulioje. Siku ile pale mezani sikucheka. Mwenye kachumba chake hagombanii zamu na babu wa shati la maua.

Sasa nikagoma kurudi kwenye kiti, nikasimama pembeni yake pale pale nimekunja mikono. Na ndipo nikaona. Mtu analeta kikaratasi, MC anakidondosha kwenye jagi, juu. Wimbo ukiisha, anapeleka mkono kwenye jagi, anachukua cha juu. Anakuja mwingine, kinakaa juu. Anachukua cha juu. Yaani usiku mzima, ukichelewa ndio unawahi! Jagi lenyewe lilikuwa halikukaushwa, kuna maji chini.

Sikuomba ruhusa. Nililishika jagi nikalimwaga juu ya meza yake. Cha mwisho hakikutoka, kilikuwa kimegandia kitako, nikakibandua kwa ukucha. Wino umetawanyika, lakini mwandiko wangu naujua.

MC akakitazama, akanitazama, akasema, "Kumbe!"

Basi. Kumbe tu. Na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshangaa kweli kweli. Hiyo noti ya babu, nikaja kujua, ilikuwa ya kununulia vocha. Jamani, nilitamani awe mla rushwa. Mla rushwa unamtukana unaondoka na moyo mweupe. Huyu nimtukane nini, kwamba hajui jagi linavyojaa?

Na hapa naandika jambo ambalo pengine nisingeandika. Kibandani kwangu nina kapu la vitambaa vya wateja. Kila anayeleta, natupia juu. Nikikaa kwenye cherehani nachukua cha juu. Ramadhani iliyopita kuna mama alinilalamikia karibu alie, gauni la mwanawe alilileta kabla ya watu wote na siku ya Idi lilikuwa bado kitambaa. Nilimjibu. Kile nilichomjibu hakipishani sana na "hapa si benki".

Basi niliitwa, imekaribia saa sita usiku, nusu ya viti vitupu. Ala ziko juu kuliko sauti yangu, maneno kwenye skrini yanakuja nimeshayapita. Nikaimba hivyo hivyo. Na babu wa shati la maua, yeye yeye, akainuka, akaja mbele akiyumba taratibu, akanitunza elfu tano, akaniwekea kwenye kiganja kwa mikono miwili kama zamani kwenye taarabu. Nilitaka kuendelea kumchukia lakini sikuweza, ubeti wa pili ulikuwa unaanza.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua nyota moja, zikawa nne nikiwa bado nimeshika maikrofoni, na zilipokuja hesabu za juisi tatu wakati nimekunywa mbili zikarudi mbili. Nitakwenda tena. Nimemuahidi yule MC uzi na sindano kubwa ya magunia, atunge vikaratasi kama samaki, aanze kuchomoa upande wa fundo. Amekubali.

Shoga yangu hakuimba. Kikaratasi chake hatukukiona hata baada ya kulimwaga jagi zima, na tangu siku hiyo ananisalimia kwa mkato. Nyota ya tatu naishika mpaka kionekane.