PM+ kwa anayehamia kwenye unasihi ukubwani: nzuri kwa kuanzia, haitoshi kwa kiwewe

Walimu, wauguzi na wachungaji wa Mbeya na Iringa wakishavuka miaka arobaini, wengi huulizia njia ya kuingia kwenye unasihi wa watu wenye kiwewe. Shahada ni miaka na ada, na mwenye watoto shuleni hupiga hesabu akaghairi. Ndiyo maana PM+ (Problem Management Plus), mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vifupi vya kumsaidia mtu aliyelemewa na msongo, inavutia: ilitolewa mwaka 2016, kitabu chake unakipakua bure mtandaoni, na ilitungwa ili itolewe hata na asiye na shahada ya saikolojia.

Ni mteja mmoja mtu mzima, vikao vitano vya dakika 90, kimoja kwa wiki. Mbinu ni nne: kutuliza mwili kwa kupumua, kukabili tatizo moja baada ya jingine, kuanza shughuli na kuendelea nazo, na kujijengea watu wa kumshika mkono. Kikao cha mwisho hupitia yote na kupanga namna ya kuendelea vizuri.

Uzuri wake mkubwa kwa mgeni wa kazi hii ni kwamba hakuna mahali mteja anapotakiwa kulisimulia tukio. Aliyenusurika ajali ya lori kwenye mteremko wa Iwambi akitaka kusema, anasikilizwa, asipotaka, hachimbwi. Kumfungulia mtu kumbukumbu halafu ukashindwa kuifunga ni kumrudisha nyumbani akiwa na hali mbaya kuliko aliyokuja nayo.

Kupumua kunaonekana kazi ndogo, kumbe ndiko wengi wanakoharibu. Ni hesabu ya tatu kuvuta, hesabu ya tatu kutoa, tumbo ndilo lipande na mabega yatulie. Mteja akivuta kwa nguvu atapata kizunguzungu, adhani anaumwa. Mwambie apunguze kina cha pumzi, asiongeze kasi. Wapo pia ambao mwili ukianza kutulia hofu ndiyo hupanda. Hao waache wafumbue macho na nyayo ziguse sakafu.

Kwenye kuanza shughuli, kosa la kawaida ni hatua kubwa mno. Mama wa Uyole aliyeacha shamba la viazi tangu msiba haambiwi "rudi shambani". Anapanga mwenyewe: Jumatano saa mbili asubuhi, afike mpakani mwa shamba, apalilie mstari mmoja, arudi. Hatua isiyo na siku wala saa haifanyiki.

Shida ya wanaoanza ukubwani ni mdomo. Mwalimu aliyekaa darasani robo karne, kwenye igizo la mafunzo, mwenzake akijifanya mteja, haichukui dakika tano kabla hajasema: "Mwanangu, vumilia, haya yamewakuta wengi." Kijana aliyeingia na shikamoo atajibu "sawa mama", na wiki ijayo hamuoni. PM+ inataka suluhisho litoke kwa mteja. Wewe unauliza, "Umeshafikiria njia zipi?", kisha unanyamaza. Ukimya huo ndio mgumu kuufundisha, na mkufunzi mzuri hulisimamisha igizo papo hapo ushauri ukichomoza. Asiyelisimamisha anakupotezea hela.

Mafunzo kamili ni takriban saa 80 darasani, kisha wateja wa mazoezi chini ya uangalizi, kisha msimamizi wa kila wiki wa kupitia naye kesi. Basi kozi ya wikiendi mbili yenye cheti cha rangi si PM+, hata wakiiita hivyo. Kabla ya kulipa, uliza nani atakusimamia na mtakutana mara ngapi. Jibu likiwa "tutaunda kundi la WhatsApp", tafuta pengine.

Ratiba nayo izingatie kilimo. Mvua za Novemba hadi Aprili watu wako shambani na barabara za vijijini hazipitiki. Mteja akikosa wiki mbili mfululizo, mbinu hazishiki. Baada ya mavuno vikao vitano vinakamilika bila kusukumana.

Haimfai mwenye mpango wa kujiua sasa hivi, anayesikia sauti, wala aliyezama kwenye pombe. Hao ni wa hospitali. Watoto pia haiwahusu, na kwa yatima wa Makete na Njombe hilo ni pengo kubwa. Kwa watoto kuna tiba nyingine, ile ya TF-CBT (tiba ya kiwewe inayofanyia kazi mawazo na mienendo), ambayo Moshi na Bungoma, Kenya, ilitolewa na wanasihi wa kawaida waliofunzwa, kwa vikao 12 vya kundi.

Kama jinamizi, kushtukashtuka na kukwepa mahali pa tukio vimepita mwezi na vinamzuia mtu kuishi, anahitaji tiba ya kiwewe yenyewe. NET, yaani tiba ya kusimulia maisha, ni mojawapo: mteja anatandaza kamba sakafuni kama mstari wa maisha yake, anaweka ua kwa kila jema na jiwe kwa kila baya, kisha anasimulia kwa mpangilio tangu kuzaliwa. Hiyo ina mafunzo yake. Usiijaribu kwa kuisoma tu.

Kitu ambacho kozi nyingi hukipitia juujuu ni mipaka ya siri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kukiukwa haki zake aziripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo, na simu ya bure ya watoto ni 116. Mteja aambiwe hayo kikao cha kwanza, kabla hajaanza kufunguka.