RTX 3080 Ti iliyotumika au 4070 mpya? Uzoefu wangu na monita pana ya inchi 34

Wadau, kama una monita ultrawaidi ya 3440 kwa 1440 na unatafuta laptopu ya gemu ya kuiendesha, usiishie kwenye namba ya stika, uliza VRAM (kumbukumbu ya kadi ya grafiksi) na uliza wati (umeme ambao kadi inaruhusiwa kula). Mimi nimechukua laptopu iliyotumika yenye kadi ya grafiksi (GPU) ya Nvidia, RTX 3080 Ti, nikaiacha mpya kabisa yenye RTX 4070, bei zao hapa Dar zilikuwa zinakaribiana, na mpaka leo naona nilichagua vizuri.

Sababu ni hesabu tu. Full HD ina pikseli kama milioni 2, hii monita ina karibu milioni 5, yaani kila fremu GPU inachora mara 2.4 zaidi, kwa hiyo zile video za Youtube unazoona RTX 4060, mdogo wake 4070, inapiga fremu 120 kwa sekunde kwenye kioo chake chenyewe cha laptopu hazikuhusu sana.

Halafu kuna hili la majina, hapa wengi wanaumia. RTX 4070 ya desktopu ina VRAM GB 12, ila ya laptopu yenye jina hilohilo ina GB 8 na basi (njia ya data kati ya GPU na VRAM) ya biti 128, ni chipu tofauti kabisa. 3080 Ti ya laptopu ni ya 2022, kizazi cha nyuma, lakini ina GB 16 na basi ya biti 256. Kwenye kioo kidogo tofauti yao si kubwa, ukipanda kwenye pikseli nyingi ndo unaanza kuiona.

Binamu yangu anayo hiyo 4070 tukaichomeka kwenye monita yangu, Cyberpunk 2077, tekscha za juu na ray tracing (mwanga na vivuli vya kihalisia, ni nzito kwa kadi) imewashwa. Mwanzoni inaenda fresh tu, ukishazunguka mjini VRAM inajaa na gemu inaanza kukwama kwama, unageuza kamera picha inashtuka, na hicho kitu kinaudhi kuliko fremu chache zinazotulia. Kwangu, setingi za High, ray tracing nimezima, DLSS Quality, napata fremu 70 na kitu na zinatulia. DLSS ni teknolojia ya Nvidia ya kuchora picha ndogo halafu kuikuza kwa AI, kwa Quality gemu inachorwa kwa 2293 kwa 960 halafu inakuzwa, na tangu modeli mpya ya DLSS ilivyotoka mwanzoni mwa 2025 picha imekuwa safi zaidi hata kwa kadi hizi za zamani, hapo Nvidia nawapongeza kwa kweli.

Kwa haki, 4070 ina frame generation ya DLSS (kadi inabuni fremu za ziada katikati ya zile halisi) na 3080 Ti haina. Ni kitu kizuri, ila chenyewe kinakula VRAM na kinataka uwe tayari una fremu za kutosha, sasa kwenye GB 8 na kioo kikubwa hivi hapo hapo unapotaka msaada ndo pamebana.

Wati sasa. GPU ileile 3080 Ti inatengenezwa kuanzia wati 80 mpaka 150 na zaidi, na laptopu nyembamba nzuri nzuri zile mara nyingi ndo zenye wati ndogo. Dukani fungua NVIDIA Control Panel, nenda System Information, tafuta Maximum Graphics Power, namba iko pale. Ya kwangu ni nene, chaja yake ya wati 330 nzito kama tofali, lakini nguvu ipo. Uliza pia poti, kuna laptopu ambazo HDMI au USB-C inapitia kwenye grafiksi ya prosesa badala ya kwenda moja kwa moja kwenye GPU kubwa na hapo unapoteza fremu bure. Na kama HDMI ni 2.0 utaishia kwenye hetsi 100 hivi, kwa 144 tumia HDMI 2.1 au Displayport kupitia USB-C.

Joto la Dar ndo kitu pekee kinachonisumbua. Feni zinalia, mchana bila AC GPU inapanda haraka, kwa hiyo nimeiinua nyuma ipate hewa, nikabadilisha pasta ya kupitisha joto kwenye prosesa, na gemu nyingi nazifunga kwenye fremu 75, kelele inapungua na uchezaji haubadiliki.

Mjue pia si kila gemu inajaza kioo. Elden Ring inakuachia mistari myeusi pembeni na mwisho ni fremu 60, kwa gemu kama hiyo hata 4060 inakutosha. Ila Euro Truck Simulator 2 kwenye upana huu, unaona vioo vyote viwili vya pembeni vya lori bila kugeuza kichwa, aisee ni raha.

Mwenye hela zaidi aangalie 4080 ya laptopu au 5070 Ti, zote zina GB 12. RTX 5070 ya kawaida ya laptopu imekuja tena na GB 8, kwa monita hii mimi nisingeichukua hata ikiwa mpya kwenye boksi.