Zizi la miiba au la wavu na miti hai?

Kwa wafugaji wa kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, mkoani Tabora, swali hili hurudi kila fisi anapovunja zizi.

Kwa gharama, miiba inashinda: panga na nguvu za vijana vinatosha. Wavu wa chuma unataka fedha taslimu, pengine thamani ya ng'ombe kadhaa. Ila miiba hukauka, mchwa huila, na kila mara mnarudi porini kukata mingine.

Usalama ndio unaonigusa zaidi. Ng'ombe wakinusa simba usiku hupasua miiba wenyewe na kumkuta nje. Wavu ulioshikiliwa na miti inayochipua, kama wanavyofanya wenzetu wa Simanjiro, mkoani Manyara, hauachii kirahisi. Na pale mifugo inapolala salama, hasira ya kutega sumu hupungua; mzoga mmoja wenye sumu huua simba, fisi na tumbusi kwa pamoja.

Anayehamahama kufuata malisho abaki na miiba, aizidishe unene, aweke na mbwa. Mwenye makazi ya kudumu na majirani wa kuchangiana, wavu unamfaa; fedha zikipungua, aanze na zizi la ndama.